Hata Nduguze Hawakumwamini

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kunikaribisha, na poleni kwa kukaa muda mrefu. Wengine mmekuja na watoto wadogo na saa hizi wameshachoka. Hao wanaotambaa chini ya viti msiwazuie, hawanisumbui.

Nimepewa mada ya umoja wa familia na kukua kiroho katika imani ya Kristo. Mada hii ina mstari wake. Mwite mhubiri yeyote aje aseme juu ya familia, ataanza na Yoshua 24:15, "lakini mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA." Ni mstari mzuri, na wengi wameutundika ukutani. Kwangu pia uko, sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo. Kioo hicho kina ufa. Kilipata ufa siku mimi na mke wangu tulipobishana hadi mmoja wetu akatoka na kuubamiza mlango, fremu ikaanguka. Mliokwisha kunifahamu mnajua ni nani aliyeubamiza. Hatujakibadilisha kile kioo hadi leo, na sasa hivi sidhani kama tutakibadilisha.

Basi leo naomba tuuache mstari ule ukutani, nianze na mwingine ambao sijawahi kuuona umetundikwa mahali popote. Yohana 7:5: "Maana hata nduguze hawakumwamini."

Hawa ni watu wa nyumbani kwake Yesu. Marko 6:3 inawataja kwa majina: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni. Dada zake nao wapo, ila majina yao hatukupewa. Najua makanisa yetu hayalisomi neno "ndugu" kwa namna moja. Wapo wanaosema ni watoto wa tumbo moja naye, wapo wanaosema ni wana wa Yusufu kwa mke wa kwanza, na wapo wanaosema ni watoto wa baba wadogo au mama wadogo. Kiswahili kimetuhurumia kwa kutupa neno lenye nafasi ya wote hao, nami sitaki kuwagombanisha watu ambao nimeitwa kuwapatanisha. Itoshe kwamba walikuwa wa kwao, wa karibu kabisa.

Luka anasema Yesu alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa miaka kama 30. Kwa hiyo kabla ya mahubiri na miujiza ipo miaka mingi ambayo ndugu hawa walimwona kila siku: akila, akichoka, akifanya kazi ya mikono, akiitikia anapoitwa. Hakuna siku alimdanganya mmoja wao, wala siku aliyojipendelea. Sisi watoto wetu wana ushahidi wa kutosha dhidi yetu, wakitaka kututia hatiani hawatachelewa. Wale hawakuwa na ushahidi hata mmoja dhidi yake, na bado hawakumwamini.

Ukisoma Marko 3:21 utakuta wakati mmoja jamaa zake walitoka kwenda kumshika, wakisema amerukwa na akili. Maneno hayo hayakusemwa na Mafarisayo. Waliosema ni watu wa nyumbani. Na katika Yohana 7, Sikukuu ya Vibanda ilipokaribia, ndugu zake ndio wanaomwambia aende Uyahudi akajionyeshe kwa ulimwengu. Mistari michache nyuma yake tumeambiwa kwamba huko Uyahudi kulikuwa na watu wanaotafuta kumwua. Ama hawakujua, ama hawakujali. Mimi sijui lipi kati ya hayo lilimuuma zaidi.

Nimeanza hapa kwa sababu najua ni nani wameketi humu. Yupo mama ambaye kijana wake hajakanyaga kanisani miaka mingi. Kila ibada ikiisha kuna mtu anamsogelea na kumuuliza, kwa ile sauti ya huruma yenye ncha, "Na yule kijana wako, vipi?" Mama huyo ameshajifunza kutokea mlango wa pembeni. Usiku analala anahesabu alikokosea. Pengine kweli alikosea mahali, kwani ni nani kati yetu hakukosea? Lakini Injili yenyewe haituruhusu kumwambia kwamba mtoto asiyeamini ni hati ya mashtaka dhidi ya mzazi wake. Kama mfano mwema ungetosha kumfanya mtu aamini, nyumba ile ya Nazareti isingebaki na hata mmoja asiyeamini. Mama, usitokee mlango wa pembeni. Tokea ule mkubwa.

Sasa, wengine mtaniuliza: ikiwa ni hivyo, kuna haja gani ya kuwafundisha watoto? Haja ipo, na imeandikwa. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena maneno haya "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Angalieni mahali palipotajwa: nyumbani, njiani, kitandani wakati wa kulala na wa kuamka. Musa anazungumzia maneno yanayoingia katikati ya maisha ya kawaida, yanayosemwa huku watu wakiendelea na shughuli zao. Mimi kwa miaka mingi niliusoma mstari huu kama ruhusa ya kuhutubia.

Niwape mfano wa kwangu. Binti yangu ameniruhusu kuusimulia kwa sharti moja, na sharti hilo nitalitaja mwishoni.

Alikuwa na miaka 15, na alikuwa ameanza kuwa mkimya. Tulikuwa na ibada ya nyumbani kila jioni, na aliyeongoza ni mimi. Nikagundua, bila kujua kwamba nimegundua, kuwa sala ni mahali pazuri sana pa kumsema mtu. Hawezi kukujibu. Amefumba macho, ameinamisha kichwa, na ukishasema "Ee Bwana" hakuna wa kukukatiza. Basi nikawa naomba hivi: "Ee Bwana, wako watoto humu ndani wanaoichezea neema yako. Ee Bwana, wako wanaoshinda na simu kuliko kushinda na Neno lako." Humo ndani mtoto mwenye simu alikuwa mmoja.

Jioni moja, katikati ya maombi hayo, nikafumbua macho. Naye alikuwa hajafumba. Alikuwa ananitazama, wala si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyejikinga mahali anasubiri mvua ipite. Mkono wake ulikuwa juu ya Biblia iliyofungwa, na kwa ukucha wa kidole gumba alikuwa akibandua taratibu karatasi ya jalada pale ilipoachia gundi. Kando yake mdogo wake alikuwa amefumbua jicho moja, anatutazama kwa zamu, mimi, kisha dada yake, kisha mimi. Nikasema "Amina" kabla sala haijafika popote. Mke wangu akashtuka, akachelewa kuitikia.

Usiku ule, taa imeshazimwa, akaniuliza, "Baba watoto, leo ulikuwa unaongea na Mungu au na mwanao?"

Sikumjibu. Nilijifanya nimeshalala, na mke wangu ananijua nikilala ninavyokoroma.

Wapendwa, nilikaa na swali lile wiki nzima. Nikalikumbuka neno la Petro kwa waume, 1 Petro 3:7, kwamba mume akae na mke wake kwa akili na kumpa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Nilikuwa nikiupita mstari huu haraka. Petro anasema kumbe yanayotendeka kati ya watu wa nyumba moja yanaweza kuyazuia maombi yao. Unaweza kupiga magoti kila jioni bila kukosa na maombi yasiende, kwa sababu njia yake inapita kwa mtu uliyemdharau hapo hapo karibu nawe. Naye Bwana alishasema katika Mathayo 5 kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Tazameni vizuri anayepaswa kwenda ni nani. Hajasema ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. La hasha. Yeye ndiye mwenye neno juu yako, na wewe ndiwe wa kuondoka na kumfuata.

Jioni moja basi nikaanza sala kwa makosa yangu. Niliyataja. Kwamba siku fulani nilimkatiza mama yao mbele yao. Kwamba nilikuwa nikiitumia sala kumchapa mtu. Sauti ilinitoka vibaya, maana sikuwa na mazoezi. Nikitubu kanisani hutubu kwa wingi, "tumekosa, Bwana, tumepungukiwa," na humo ndani ya "tu" mtu anajificha vizuri mno.

Msitegemee niwaambie kwamba tulilia na kukumbatiana. Binti yangu alisema "Amina" kwa sauti ya kawaida, akaenda kulala. Baada ya siku kadhaa ndipo alipouliza swali, la kwanza baada ya miezi mingi: kwa nini Ayubu aliuliza maswali yote yale, na Mungu alipotokea akaja na maswali mengine badala ya majibu? Nikamwambia sijui. Nadhani lilikuwa jibu langu la kwanza ambalo alilisikiliza hadi mwisho. Tukafungua sura ya 38, tukasoma kwa kupokezana, mmoja mstari huu na mwingine mstari ule, na hakuna aliyeangalia saa.

Nimeona tangu siku hiyo kwamba nyumba inakua pale ambapo mkubwa anakubali kuonekana akikua. Tunawataka watoto wakue kiroho mbele ya macho yetu huku sisi tumejificha nyuma ya pazia la watu waliokwisha kufika. Mtoto anaona mzazi amekamilika siku ya ibada na amechafuka siku nyingine zote, na anajifunza kwamba imani ni nguo ya kutokea. Paulo anapomkumbusha Timotheo habari za kwao, 2 Timotheo 1:5, anaitaja imani "isiyo na unafiki," kisha anasema imani hiyo "ilikaa" kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kukaa ni neno la nyumbani. Mgeni hupita, mwenyeji hukaa. Na kutoka Matendo 16:1 tunajua baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na katika sifa hii ya imani hajatajwa. Kwa hiyo hata pale palikuwa na nyumba yenye nusu mbili. Akina mama mnaoomba peke yenu usiku, mnamjua Eunike kuliko mnavyodhani.

Nisogee kidogo kwenye Luka 15, kwa sababu kuna kitu humo ambacho Kiswahili chetu kinakisikia haraka. Wazazi tuna kaugonjwa kadogo. Mtoto akifaulu ni "mwanangu." Akivunja kitu cha watu ni "njoo umwone mwanao." Mtoto ni yule yule. Sasa msikieni kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu. Amesimama nje, hataki kuingia, na anamwambia baba yake: "alipokuja huyu mwana wako." Hasemi mdogo wangu. Amemkana kwa neno moja tu la kumiliki. Na baba hamgombezi, lakini anapomjibu analirudisha lile neno mahali pake: "huyu ndugu yako alikuwa amekufa, naye amefufuka." Mwana wangu, ndiyo, lakini ni ndugu yako vilevile, na mimi siwezi kuwa baba yenu wawili ikiwa ninyi hamtaki kuwa ndugu.

Nimekutana na ndugu wengi wa namna ya huyu mkubwa. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Huyu hakwenda nchi ya mbali, hakutapanya mali, wala hakukosa kazini siku hata moja. Ndiye pekee aliyebaki uani wakati wengine wote wako ndani wanafurahi. Na Bwana Yesu aliuacha mfano huo wazi. Hatuambiwi kama aliingia. Baba bado yuko nje naye, anamsihi.

Habari ya Yusufu mnaijua, sitairudia. Niwaombe tu mhesabu miaka. Aliuzwa akiwa na miaka 17, alisimama mbele ya Farao akiwa na 30, ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake. Ni kama miaka 22. Mwanzo 37 inasema ndugu zake hawakuweza kusema naye kwa amani. Mwanzo 45, baada ya machozi na kukumbatiana, inasema ndipo ndugu zake wakazungumza naye. Miaka 22 kutoka kushindwa kusemezana hadi kuzungumza. Nasema haya kwa wale ambao wametoka kugombana na ndugu zao mwezi uliopita na tayari wanasema haiwezekani.

Ila hapa lazima niseme jambo moja bila kuzunguka. Yusufu alipatana na ndugu zake akiwa mahali ambapo hawawezi tena kumtupa shimoni, na baada ya kuwapima akaona wamebadilika: yule Yuda aliyetoa wazo la kumuuza, sasa yuko tayari kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Kwa hiyo mtu anayepigwa nyumbani, au mtoto anayeumizwa na mtu mzima, asiambiwe avumilie kwa ajili ya umoja wa familia. Kumficha anayeumiza ni kushiriki katika uovu wake. Atoke, alindwe, sheria ifanye kazi yake. Viongozi wa kanisa mliomo humu, mkiletewa kesi kama hiyo msianze na maombi ya upatanisho. Anzeni kwa kuuliza usiku huu huyu mtu atalala wapi.

Na wale wanaopenda kunukuu Waefeso 5:22 kwa wake zao, naomba waanze mstari mmoja juu yake. Mstari wa 21 unasema mnyenyekeane katika kicho cha Kristo. Basi, hilo linatosha, ninaona wake wameshaanza kuwaangalia waume zao.

Turudi Nazareti, maana wale ndugu tuliwaacha hawajaamini.

Yesu aliwafanyaje? Hakuwabembeleza kwa kuipunguza kazi yake. Siku mama yake na nduguze walipokuja wakasimama nje wakatuma mtu kumwita, hakukatisha alichokuwa akifanya. Aliwatazama walioketi kumzunguka, akasema atakayeyafanya mapenzi ya Mungu huyo ndiye ndugu yake, na umbu lake, na mama yake. (Umbu ni dada. Wengi wetu neno hilo tunalikuta humo kwenye Biblia tu.) Ni maneno yanayochoma ukiwa wewe ndiye umesimama nje. Lakini hakufunga mlango. Aliupanua hadi kila mtu angeweza kupita, wao wakiwemo. Pia hakuwalazimisha. Katika Yohana 7 anawaambia, "Haujafika bado wakati wangu; ila wakati wenu sikuzote upo." Na wakati wake ulipofika hatuwaoni ndugu zake. Yohana anawataja waliosimama karibu na msalaba: mama yake, wanawake wengine, na mwanafunzi aliyempenda. Ndugu hawatajwi. Akiwa pale, katika maumivu yale, anamwambia mama yake, "tazama, mwanao," na mwanafunzi, "tazama, mama yako." Kati ya maneno machache aliyoyasema msalabani, haya yalikuwa ya kupanga nani atamtunza mama. Wako watu wa kiroho mno ambao hawana muda wa kumpigia mama yao simu. Mimi nawaonea mashaka.

Sasa fungueni 1 Wakorintho 15:7. Paulo anaorodhesha waliotokewa na Bwana baada ya kufufuka, na katikati ya orodha anasema alimtokea Yakobo. Makanisa tangu zamani yamemwelewa huyu kuwa ndiye Yakobo ndugu yake. Hakuna anayetuambia walisema nini. Tuna habari ndefu ya Tomaso, tuna habari ndefu ya Petro kando ya moto wa makaa, lakini ya huyu ndugu tuna kitenzi kimoja tu, alimtokea. Mimi nadhani ni sawa. Mambo mengine ya ndugu na ndugu yaachwe kati yao.

Kisha mkisoma Matendo 1:14, katika chumba cha juu, mitume wanatajwa wakidumu kwa moyo mmoja katika kusali, pamoja na wanawake, na Mariamu mama yake Yesu, "na ndugu zake." Mara ya mwisho tulipowaona walikuwa hawaamini. Wamo humo ndani sasa, wamepiga magoti pamoja na wale waliokwisha kumfuata tangu mwanzo, na inaelekea hakuna aliyewauliza mlikuwa wapi siku zote. Hili nalo ni neno kwetu sisi tunaotangulia kuamini. Ndugu akirudi, tusimwekee maswali mlangoni.

Yakobo huyo akawa kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Petro alipofunguliwa gerezani alisema habari zipelekwe kwa Yakobo na wale ndugu. Katika baraza la Matendo 15 neno lake ndilo lililohitimisha mjadala. Paulo anamtaja katika Wagalatia 2:9 miongoni mwa walioonekana kuwa nguzo. Mwanahistoria Myahudi Yosefo, ambaye hakuwa Mkristo, anaandika kwamba Yakobo ndugu yake Yesu aliuawa kwa kupigwa mawe huko Yerusalemu, na hiyo ilikuwa karibu mwaka 62. Yule aliyemwona ndugu yake amerukwa na akili alikufa kwa ajili yake. Wengine nao hawakukaa bure. Katika 1 Wakorintho 9:5 Paulo anawataja ndugu wa Bwana kama watu wanaosafiri katika kazi ya Injili pamoja na wake zao.

Na barua ya Yakobo, ambayo mapokeo yanasema ni yake, haianzi na "mimi Yakobo, ndugu yake Bwana." Mimi ningeanza hivyo, niwaambie ukweli. Ningeliweka kwenye bahasha. Yeye anaanza: "Yakobo, mtumwa wa Mungu, na wa Bwana Yesu Kristo." Yuda naye anajiita mtumwa wa Yesu Kristo, halafu anaongeza kwamba ni ndugu yake Yakobo. Undugu hawakuukana. Ila walishajua kwamba haukuwafikisha wao wenyewe popote hadi walipoamini kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana mtoto wa mchungaji hana imani ya kurithi, na mjukuu wa mwinjilisti naye hana. Tunaweza kuwaachia watoto nyumba, na jina, na hata Biblia yenye majina ya mababu ukurasa wa kwanza. Kuamini kila mmoja ataamini kwa moyo wake.

Sasa yasomeni maneno ya Yakobo mkijua yametoka kwa nani. "Kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema, wala kukasirika." Aliyeandika hayo alikuwa kati ya ndugu waliosema haraka. "Katika kinywa kile kile hutoka baraka na laana." Na karibu na mwisho wa barua, 5:16: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Dhambi zenu, jamani. Za wengine hakutuagiza tuziungame, ingawa tunazijua vizuri zaidi.

Muda wangu umekwisha, nimeshaonyeshwa saa mara mbili. Tufunge kwa maombi. Mliokuja na watu wenu, mnaweza kushikana mikono. Mliokuja peke yenu kwa sababu wenu hawakutaka kuja, wataje kwa majina, kimoyomoyo, bila kumweleza Mungu wana makosa gani. Ambaye leo hawezi kuushika mkono wa aliye kando yake, asilazimishwe, na huyo wa kando asimkazie macho.

Na lile sharti. Binti yangu yuko hapa, safu ya nyuma, na alisema nikifika kwenye maombi nisizidishe dakika moja, na nisimtaje.

Tuombe.